Nimekaa dakika 40, mbona mnasihi hanishauri?

Nafanya unasihi, yaani ushauri nasaha, hapa Mwanza. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi, mengine mtu anauliza akiwa bado mlangoni. Visa nimevichanganya makusudi, kwa hiyo usimtafute jirani yako humu.

Nimepima malaria, taifodi, presha, hadi vidonda vya tumbo. Vyote safi. Sasa naumwa nini?

Huenda ni wasiwasi uliopitiliza, na hujifanyi mgonjwa. Mtu akiogopa mwili humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, tumbo linavuruga, viganja vinalowa jasho. Mwili umejiandaa kukimbia, ila hakuna cha kukimbia. Kupima mara ya kwanza ni sahihi kabisa, maana tezi ya shingo ikizidisha kazi, au damu ikipungua, dalili zinaweza kufanana. Lakini ukishapimwa mara tatu mwezi huohuo na majibu ni yaleyale, kipimo cha nne nacho kimeshakuwa dalili.

Sonona si mawazo tu?

Mawazo ya ada na kodi tunayo wote. Sonona tunaanza kuitaja pale huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kunapokaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, huku usingizi, chakula na nguvu vikivurugika na mtu akijiona hana maana. Kuna dodoso la maswali 9, PHQ-9. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Linasaidia kujua tuanzie wapi, ila halijui umetoka kugombana na nani. Na wanaume wengi hawaji na huzuni. Wanaletwa na wake zao kwa sababu ya hasira au pombe.

Haya, kwa nini hunishauri?

Neno "ushauri nasaha" limetuponza. Mjomba amekushauri, mchungaji amekushauri, bodaboda aliyekuleta naye kakushauri njia nzima. Ushauri ungetosha usingekuwa hapa. Mimi nauliza mpaka lile donge lifunguke vipandevipande, halafu wewe unachagua kipande kimoja cha kushughulikia wiki hii. Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kusikiliza watu namna hiyo, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Washona wa huko husema *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Msukuma na Mkerewe watawaelewa bila mkalimani.

Nikupe mfano wa wasiwasi. Mama mmoja anaishi Kamanga, ng'ambo ya ziwa, anauza mboga mjini. Tangu kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, kwake kivuko chochote kikawa hakipandiki. Hakufiwa na mtu. Alisikia redioni tu. Mwanzo alikuwa anatuma mzigo kwa mwenzake na faida wanagawana. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 akashangilia, akawa anazunguka nalo kila siku, nauli inamla. Tatizo la kukwepa ni kwamba kunaleta ahueni papo hapo, na ahueni hiyo ndiyo inayoulisha woga: akili inajifunza kuwa umepona *kwa sababu* hukupanda.

Sikumwambia asiogope. Tulipanga ngazi. Siku ya kwanza akae gatini, aangalie watu wanavyopanda, woga aupe namba kutoka 0 hadi 10. Alianza na 9. Akataka kuondoka, akabaki. Baada ya nusu saa akasema 5, kisha akaniuliza mihogo ya kukaanga inauzwa wapi. Safari iliyofuata alivuka na mdogo wake. Ya peke yake alirudia mara nne kabla haijawa kitu cha kawaida. Jaketi okozi huwa anavaa mpaka leo, nami sina neno. Hiyo ni akili, si woga.

Na mwenye sonona asiye na nguvu hata za kuoga?

Yeye tunaanza na tendo, hamu itakuja nyuma. Mvuvi wa dagaa nyavu zake zimesombwa, analala mchana kutwa, anasema "hamu ikirudi nitashuka mwaloni". Haitarudi akiwa amelala. Kazi ya wiki ya kwanza: saa 12 asubuhi atoke nje, anawe uso, akae kijiweni kwa kikombe kimoja cha kahawa. Ni kidogo, ndiyo. Kikubwa angeshindwa, akajihukumu upya.

Dawa je?

Mnasihi haandiki dawa, daktari ndiye anaandika. Dawa za sonona kama fluoksetini kwa kawaida huanza kuleta nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, kwa hiyo usiache siku ya tano, na ukitaka kuacha mwone daktari kwanza. Valiamu ya kununua duka la dawa ili upate usingizi ni habari nyingine: mwili unaizoea haraka.

Ndugu yangu anasema afadhali afe. Nikimuuliza si nitampa wazo?

Hapana. Muulize waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akikubali, usimwache peke yake. Dawa za kuulia wadudu wa pamba zitoke nyumbani, zikae kwa jirani. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Bugando wana idara ya afya ya akili, na kama uko mbali anza na hospitali iliyo karibu.

Nitakuja mara ngapi?

Mara 6 hadi 12 kwa wengi, kila wiki. Wavuvi wa dagaa nawaandikia tarehe za mbalamwezi. Siku za giza zikiingia, karabai zinawashwa ziwani na hawapatikani tena.