Je, wajua kwa nini watu wa Kerala hukandwa kwa mafuta mvua inaponyesha?

Katikati ya Julai, jimbo la Kerala kusini mwa India huingia Karkidakam, mwezi wa mwisho wa kalenda ya Kimalayalam. Mvua huwa haikatiki. Ndipo watu wanapokwenda kwa matabibu wa Ayurveda kukandwa kwa mafuta yenye dawa, yaliyopashwa moto kidogo, na majumbani hupikwa uji wa mchele wa njavara, uwatu, bizari nyembamba na tui la nazi, unaonywewa ungali moto. Kwa nini msimu huo hasa? Sababu ni dosha.

Ayurveda, tiba ya kale ya India, hufundisha kwamba kila kitu kimetokana na asili tano: anga, hewa, moto, maji na ardhi. Ndani ya mwili, asili hizo huungana zikawa nguvu tatu, ndizo dosha. Vata ni hewa na anga, nayo husimamia mwendo wote, tangu pumzi hadi haja kubwa. Pitta ni moto na maji, husaga chakula na kutunza joto. Kapha, maji na ardhi, huujenga mwili na kulainisha viungo.

Wengi wameijua dosha kupitia yale maswali ya mtandaoni yanayokwambia "wewe ni Pitta", na hapo ndipo maana yake inapopotea. Kila mtu anazo zote tatu. Kinachotofautiana ni uwiano aliozaliwa nao, uitwao prakriti. Tena hazitulii. Utotoni hutawala Kapha, utu uzimani Pitta, uzeeni Vata. Hata kwa siku moja hupokezana: adhuhuri ni zamu ya Pitta, ndiyo maana vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, husisitiza mlo mkubwa uliwe mchana.

Kanuni ya tiba imo katika Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vyao vya kale: kinachofanana na kitu hukizidisha, kinachokipinga hukipunguza. Vata ni kavu, nyepesi na baridi. Jua la kiangazi huukausha mwili, Vata ikajilimbikiza. Mvua ikishuka na ubaridi wake, Vata huchafuka na nguvu ya kusaga chakula hufifia. Hapo huja gesi tumboni, usingizi wa mang'amung'amu na maumivu ya viungo. Mafuta ni mazito na laini, na yakipashwa huwa na joto, kwa hiyo yanaikabili Vata kila upande. Matabibu wa pwani yetu waliorithi tiba ya Kiyunani kupitia kwa Waarabu nao huangalia joto, baridi, ukavu na unyevu, hasa wanapotibu baridi yabisi.

Dosha haionekani kwa hadubini wala haipimwi maabara. Naithamini kwa jambo jingine: humlazimu tabibu kuuliza umri, usingizi, choo na hali ya hewa kabla ya kutaja dawa. Dawa zenyewe ndizo za kuangaliwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na takriban moja kati ya kila tano ilikutwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Ukipewa vidonge, uliza vina nini na vilipimwa wapi, kisha mweleze daktari wako kabla hujameza.