Majarida ya Kielektroniki: Tunakodi, Hatununui

Tangu muhula ufunguliwe, malalamiko kwenye meza ya maktaba yetu ya chuo ni yale yale: "Jana nilisoma makala, leo nadaiwa dola." Tuelewane. Jarida la kielektroniki maktaba hailinunui kama kitabu. Inakodi haki ya kulisoma, kwa masharti ya leseni.

Wengi hudhani tukikaa na mchapishaji tunavutana bei tu. Kwanza tunauliza nani anahesabiwa mtumiaji. Rasimu yao mara nyingi husema "walioko kampasi". Ukitia saini hapo, mwanafunzi wa masomo ya mbali aliyeko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, umemwacha nje, na mganga wa wilayani aliyekuja kusoma kwenye kompyuta yetu naye hana haki. Kisha tunauliza: leseni ikiisha, makala za miaka tuliyokwisha lipia zitaendelea kufunguka? Mwuzaji hujibu "bila shaka" kwa mdomo. Tunamwomba aiandike.

Bei nayo ina safari yake. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1, usajili wa majarida mengi Januari 1. Ombi la idara hupita kamati ya mikataba kwa taratibu za sheria ya Uganda ya ununuzi wa umma ya 2003, kisha mwanasheria, kisha saini, kisha ankara ya dola, na kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia mwuzaji, juu yake. Karatasi moja ikikwama, mlango unafungwa. Ndiyo maana tunadai muda wa nyongeza, wa kuendelea kusoma malipo yakiwa njiani, uandikwe ndani ya leseni.

Sasa adhabu. Mchapishaji hakioni chuo kama watu, anaona anwani chache za intaneti. Mmoja akiwasha programu usiku ipakue matoleo yote ya jarida, mfumo wao hufunga anwani hiyo, na asubuhi chuo kizima kiko nje. Hufuata barua, nasi tunapekua kumbukumbu za seva, akaunti ya mhusika inasimamishwa, faili inakwenda kamati ya nidhamu. Eti "intaneti ni ya bure". Na bando, je, unapewa?

Hata Hinari na AGORA, mipango ya kimataifa ya majarida ya afya na ya kilimo kwa nchi zenye kipato cha chini, ambazo taasisi zetu hupata bila malipo, zina leseni. Nywila yake haibandikwi kwenye kundi la WhatsApp.

Idara zitutumie orodha za majarida kabla ya Septemba kwisha. Kwa majina, tafadhali. "Yote" si jina la jarida.