Uwanja Wenye Ratiba: Jinsi Bustani na Viwanja vya Nairobi Vinavyotunzwa

Mvua ndefu zinapoanza mwezi Machi, viwanja vingi vya Eastlands jijini Nairobi hujaa maji kama bwawa, kisha hugeuka tope, na ifikapo kiangazi cha Januari ardhi ileile huwa imekauka na kupasuka nyufa ambazo zaweza kumtegua mchezaji kifundo cha mguu. Chanzo chake ni ardhi yenyewe. Upande wa mashariki wa jiji umekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba na kunata ukilowa na kusinyaa ukikauka, ilhali upande wa magharibi na kaskazini, kama Westlands na msitu wa Karura, una udongo mwekundu unaopitisha maji upesi. Kwa sababu hiyo, fedha zilezile zikitumiwa kupanda nyasi Westlands na katika mtaa wa Umoja, ulioko Eastlands, hazizai matokeo sawa, na msimamizi wa viwanja asiyelizingatia jambo hili atakuwa akipanda nyasi kila mwaka na kuzipoteza kila mwaka.

Nimeanza na udongo kwa makusudi. Wakazi wengi hukutana na kazi ya kusimamia bustani na viwanja vya jiji siku mbili tu: siku ya kuzinduliwa, utepe unapokatwa, na siku bembea inapokatika mtoto akiwa juu yake. Kazi yenyewe iko katikati ya siku hizo mbili, na ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa mkazi anayeielewa huweza kuidai.

Kisheria jambo hili halina utata. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti michezo na shughuli za utamaduni pamoja na majengo yake, na vilevile bustani za kaunti, fuo na mahali pa burudani. Maana yake ni kwamba uwanja wa mtaa, ukumbi wa jamii na bustani ya katikati ya jiji ni huduma ya umma, sawasawa na zahanati na soko, na mkazi ana haki ya kuuliza jinsi vinavyotunzwa.

Tuurudie udongo mweusi, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Uwanja wa kandanda uliojengwa juu ya udongo huo unahitaji kuinuliwa kidogo katikati ili maji yateremkie kandoni, na mitaro iliyo wazi pande zote ya kuyapokea, tena mitaro inayozibuliwa kabla ya mvua kuanza. Mchanga unaochanganywa na udongo wa juu husaidia, lakini hauwezi kushika nafasi ya mtaro. Baada ya hapo, nyasi. Sisi tuna bahati ambayo wengi hawaijui: nyasi zinazoitwa za Kikuyu, ambazo zimepandwa katika viwanja vya Australia, Afrika Kusini na California, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hutambaa kwa vikonyo, hustahimili kukanyagwa, na hujiponya zenyewe zikipewa nafasi. Nafasi hiyo ndiyo tunayozinyima. Uwanja unaochezewa mechi tano kila Jumamosi na tano nyingine Jumapili, mwaka mzima, hauna nyasi ziwezazo kuuokoa. Unahitaji kupumzishwa majuma kadhaa wakati wa mvua, magoli yasogezwe kila msimu ili eneo la mlinda lango lisibaki kipara, na mazoezi ya katikati ya juma yapelekwe pembeni ya uwanja. Hatua hizi tatu hazigharimu karibu chochote, ila zinahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema leo hapachezwi na akasikilizwa.

Vifaa vya watoto vinadai uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu kosa lake hulipwa kwa mfupa. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya kuchezea vinagawa ukaguzi katika ngazi tatu, na mgawanyo huo unafaa kokote. Ukaguzi wa kwanza ni wa macho na hufanywa mara kwa mara, hata kila siku pale penye watoto wengi: vioo vilivyovunjika, misumari iliyochomoza, mnyororo uliolegea. Wa pili hufanywa kila mwezi hadi miezi mitatu, na huchunguza uchakavu wa sehemu zinazosuguana. Wa tatu hufanywa mara moja kwa mwaka, ambapo misingi na uimara wa kila nguzo hupimwa. Chini ya bembea pasiwe saruji wala udongo uliogandamana. Mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi hupunguza nguvu ya kuanguka, lakini watoto huutimua kwa miguu, kwa hiyo ni lazima uparuzwe na kuongezwa. Daftari la ukaguzi lenye tarehe na sahihi ni ulinzi wa mtoto kwanza, na wa msimamizi baadaye.

Kuhusu vyoo nitasema machache kwa sababu jambo lenyewe li wazi, ingawa hupuuzwa. Bustani isiyo na choo safi kilicho wazi ni bustani ya wanaume watu wazima. Wanawake, wasichana, wazee na wazazi wenye watoto wadogo hukaa nusu saa wakaondoka, au hawaji kabisa, halafu sisi tunasema hawapendi michezo. Hali kadhalika taa. Zile taa ndefu ambazo wakazi wa mitaa yetu huziita mulika mwizi zimewaongezea watu wengi saa mbili za matumizi jioni, na zikizimika kwa balbu moja kutobadilishwa, uwanja hurudi mikononi mwa wachache.

Hata hivyo, uwanja ulio na mitaro, nyasi, choo na taa bado waweza kufa. Kinachouweka hai ni shughuli zenye ratiba, na katika jambo hili Nairobi ina somo ambalo nchi nyingi zimekuja kujifunza. Mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa katika mtaa ambao haukuwa na viwanja vya kutosha wala mfumo wa kuzoa taka. Waanzilishi wake waliunganisha matatizo hayo mawili. Timu ya watoto ilipata pointi 3 kwa kushinda mechi, na pointi 6 kwa kukamilisha kazi ya kusafisha mtaa wake. Tafakari maana ya hesabu hiyo kwa mtoto wa miaka 12: timu iliyoshindwa uwanjani iliweza kupanda katika msimamo wa ligi kwa reki na toroli. Mwaka 1992 chama kiliingiza kandanda ya wasichana, wakati ambapo wazazi wengi waliona ni jambo lisilofaa, na mwaka huohuo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likakitambua kwa tuzo yake ya Global 500. Timu iliyozaliwa humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Wengi husifu vikombe, lakini somo la msimamizi liko kwenye pointi 6. Vijana wenyewe waliendesha ligi, wakapanga marefa, wakaandika matokeo, na matunzo ya mazingira ya kuchezea yakaingizwa ndani ya mchezo badala ya kungoja idara fulani. Programu ya burudani ikipangwa hivyo, kila mtumiaji anakuwa pia mtunzaji, na gharama ya usafi hushuka bila mtu kulazimishwa.

Ratiba ina upande mgumu pia, nao ni ugawaji. Pasipo ratiba iliyoandikwa, uwanja hugawanywa na nguvu: timu ya vijana wakubwa hufika saa kumi jioni, na wadogo hujiondokea wenyewe. Kandanda ya wanaume tunaipenda sote, na mashindano kama Koth Biro, ambayo kila Desemba huwakusanya wachezaji wa mitaa na wa ligi kuu katika viwanja vya Eastlands, ni fahari ya jiji hili. Lakini msimamizi wa mali ya umma anatakiwa kutenga saa za wasichana na kuzilinda hata juma la kwanza wakija wasichana wanne tu, kwa sababu saa iliyofutwa kwa uchache wa watu hairudi tena. Atenge asubuhi za wazee kutembea na kunyoosha viungo. Ahakikishe kwamba mtu wa kiti cha magurudumu anapita langoni, jambo ambalo mara nyingi huhitaji tu kuondoa ngazi moja na kumwaga saruji ya mteremko. Kumbi za jamii kama zile za Kaloleni na Pumwani zina nafasi kubwa hapa, kwa kuwa mvua hazizizuii: ndondi, mchezo wa kuigiza, masomo ya ziada wakati wa likizo, mazoezi ya akina mama wanaotoka sokoni. Ukumbi uliokodishwa kwa harusi kila wikendi huleta fedha, na fedha hizo zinahitajika, ila siku za katikati ya juma zikiachwa bure mlango ukiwa na kufuli, jengo hilo limeacha kuwa la jamii.

Mahali penye watoto, pana sharti lisilojadiliwa. Kocha au mlezi wa kujitolea aandikwe jina, athibitishwe na watu wanaomfahamu, na asibaki peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa. Mzazi aambiwe ni kwa nani apeleke malalamiko. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na haki hiyo haina maana asipokuwa salama anapoitumia.

Kuna faida nyingine ya matumizi ya kila siku ambayo historia ya jiji letu imeieleza kwa uchungu. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wananchi na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906, ilikabiliwa mwaka 1991 na mpango wa kujenga maduka na maegesho ya magari. Mjukuu wake Zarina Patel, pamoja na Wangari Maathai na wakazi wengine, waliupinga hadi ukaachwa. Miaka miwili kabla ya hapo, Maathai alikuwa amesimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Uhuru Park. Na mwezi Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliangusha ukuta uliozungushiwa uwanja wao wa kuchezea, polisi wakawarushia vitoza machozi. Katika mikasa hiyo yote mitatu, ardhi iliokolewa na watu waliokuwa wakiitumia au kuijali kiasi cha kugundua mapema kwamba inachukuliwa. Hatimiliki ni muhimu mno, na kila kiwanja cha umma kinastahili kupimwa na kusajiliwa. Lakini mnyakuzi hutafuta kwanza kiwanja kilichoota magugu, ambacho hakuna anayeweza kutaja mara ya mwisho kilipotumika.

Fedha zitoke wapi? Msitu wa Karura, wenye hekta 1,041, hutolewa mfano mara nyingi. Baada ya sheria ya misitu ya 2005 kuruhusu vyama vya jamii kushirikiana na serikali katika usimamizi, marafiki wa msitu huo na Huduma ya Misitu ya Kenya waliuzungushia ua, wakatengeneza njia za kutembea, wakaajiri walinzi kutoka vijiji jirani, na ada ya langoni ikagharimia sehemu kubwa ya kazi. Mahali palipokuwa pakiogopwa pakawa pa familia. Naunga mkono mfano huo kwa msitu mkubwa ambao watu huuendea kwa safari. Siuungi mkono kwa kiwanja cha mtaa. Shilingi 50 langoni mwa uwanja wa Kayole ni chakula cha mtoto, na ada hiyo itawaondoa walewale ambao uwanja ulikusudiwa. Huko matunzo yalipwe na kodi, na mapato ya ziada yatoke kwenye vioski vyenye vibali, ukodishaji wa ukumbi na matangazo ya biashara kandoni, ilimradi fedha hizo zibaki kwenye kiwanja kilichozizalisha na hesabu zake zibandikwe ukutani.

Mkazi anayetaka kiwanja cha mtaa wake kiingie kwenye bajeti ajue kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo maoni yanayotolewa mwezi Juni yamechelewa. Afike kwenye kikao cha maoni ya umma mapema, wala asiende mikono mitupu. Kwa majuma manne kabla ya kikao, kamati ya watumiaji ihesabu watu uwanjani saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, ikitenganisha watoto, wanawake, wanaume na wazee. Ipige picha mitaro iliyoziba. Iandike bembea ngapi ni nzima na ngapi zimekatika, choo hufunguliwa siku zipi, na taa ipi haiwaki. Karatasi mbili za namna hiyo humpa afisa wa bajeti kitu cha kuandika mbele ya jina la kiwanja chenu, na hubaki kwenye faili hata afisa huyo akihamishwa.