Gita halikuwa limeungua: Hendrix na wimbo wa taifa pale Woodstock

Mara ya kwanza kuusikia nilidhani spika imepasuka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi kibandani kwa fundi redio, namsubiri amalize kujaribu amplifaya ya kwaya fulani, naye akachomeka flashi yenye nyimbo zake za kizamani. Gita likaanza taratibu, sauti moja moja, na wimbo nikautambua: ule unaopigwa kila Mmarekani anapovishwa dhahabu kwenye Olimpiki. Nikatega sikio. Ghafla gita likapiga yowe, likaporomoka kama kitu kilichotupwa kutoka juu, likanguruma, kisha likaushika tena wimbo kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Imeungua hiyo," nikasema.

Fundi hakuinua hata macho. "Haijaungua. Subiri."

Bahati yangu siku ile ilikuwa kutojua chochote. Sikujua mpigaji ni Jimi Hendrix, mpiga gita wa Marekani, sikujua Woodstock ni kitu gani, wala hakuna aliyekuwa ameniambia nihisi nini. Wengi wanaousikia leo kwa mara ya kwanza hufika wakiwa wameshahadithiwa, na hadithi yenyewe imetiwa chumvi ya kutosha. Hizi ndizo ninazokutana nazo zaidi.

"Ilikuwa usiku, mbele ya watu 400,000"

Picha hiyo inapendeza, lakini si kweli. Woodstock ni tamasha la muziki lililopangwa kwa siku tatu, 15 hadi 17 Agosti 1969, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York. Mji wa Woodstock wenyewe uko mbali na hapo, zaidi ya kilomita 60. Tamasha lilihama, jina likabaki. Hendrix alitakiwa kufunga Jumapili usiku. Mvua ikanyesha, ratiba ikavurugika, bendi zikapandiana, na yeye akapanda jukwaani Jumatatu asubuhi, tarehe 18, kwenye saa tatu hivi, jua likiwa limeshatoka.

Jumatatu ni siku ya kazi hata kwa wahippi, vijana wa enzi ile waliokataa maisha ya kawaida. Umati ule wa mamia ya maelfu ulikuwa umeshapungua sana, na waliobaki walikuwa na tope hadi magotini na usingizi machoni. Hendrix mwenyewe aliliona hilo. Katikati ya onyesho aliwaambia kwamba wanaweza kuondoka wakitaka, kwamba wao pale jukwaani wanacheza tu. Mnaweza kuondoka, au mnaweza kupiga makofi. Dakika chache baada ya maneno hayo ndipo alipoupiga wimbo wa taifa. Mimi huwa narudi kwenye kauli hiyo kila ninaposoma kwamba asubuhi ile alisimama mbele ya taifa kutoa hotuba. Mtu anayetoa hotuba hawaambii wasikilizaji wake waende nyumbani.

Bendi nayo haikuwa ile maarufu. Mtangazaji aliitambulisha kwa jina la zamani, Experience, na Hendrix akamsahihisha: hii ni Gypsy Sun and Rainbows. Walikuwa sita, yeye akiwemo: Mitch Mitchell kwenye dramu, Billy Cox kwenye besi, Larry Lee kwenye gita la pili, na wapiga tumba wawili, Jerry Velez na Juma Sultan. (Jina lisikudanganye. Juma huyo ni Mmarekani, si mtu wa Tanga.) Ukisikiliza rekodi utazitafuta tumba zao bila kuzipata, waliochanganya sauti walizizika.

"Zile zilikuwa kelele tu"

Hapa namtetea kila anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu na mimi nilidhani hivyohivyo. Lakini kelele zile unazijua. Umeshaenda harusini, mshereheshaji akasogea karibu na spika akiwa na maiki mkononi, na ukumbi mzima ukaziba masikio. Sauti inatoka kwenye spika, inarudi kwenye maiki, inakuzwa tena, inatoka tena, mpaka inakuwa mluzi. Kwenye gita la umeme, sauti kubwa ya spika huutikisa uzi, uzi huirudisha sauti kwenye amplifaya, na uzi huo unaweza kuendelea kulia hata kama kidole kimeshaacha kuupiga.

Mshereheshaji hukimbia mluzi. Hendrix aliufuata. Alisimama mbele ya amplifaya zilizofunguliwa kwa nguvu, na kwa kusogea hatua moja au kugeuka kidogo aliuchagua mluzi autakao. Mguuni alikuwa na pedali za kukwaruza na kuzungusha sauti. Na kwenye gita lake, Stratocaster nyeupe iliyoundwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, ambayo yeye mwenye shoto aliigeuza juu chini, kuna kijiti cha chuma kinacholegeza nyuzi zote kwa pamoja. Ukikikandamiza, sauti inaporomoka. Ukikiachia, inapanda. Ndilo lile yowe la kitu kinachoanguka.

Hata hivyo ufundi peke yake hauthibitishi kwamba kulikuwa na maana. Kinachothibitisha ni mahali alipoziweka kelele hizo.

"Alitia vita kwenye wimbo usio na vita"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, na wenye nayo ni wale wanaomlaumu na wanaomsifu vilevile. Wote wanadhani palikuwa na wimbo safi wa heshima, kisha mtu akaja akaumwagia mabomu.

Mabomu yalikuwamo tangu mwanzo. Maneno yake yaliandikwa na mwanasheria Francis Scott Key mwezi Septemba 1814, baada ya kushuhudia kutoka majini meli za Uingereza zikiipiga ngome ya McHenry, Baltimore, usiku kucha. Ubeti wa kwanza unasimulia hayo: miale myekundu ya roketi, mabomu yanayopasuka hewani, na jinsi mwanga wake ulivyothibitisha gizani kwamba bendera bado ipo. Wamarekani huimba hayo mkono ukiwa kifuani, kabla ya mechi, bila kuwaza mlipuko wowote. Maneno yakiimbwa sana huchakaa, hapa kwetu pia.

Hendrix hakuimba neno hata moja. Aliupiga wimbo kwa adabu, karibu kama mtoto wa shule, mpaka alipofika kwenye roketi. Hapo gita likawa roketi. Akarudi kwenye wimbo, akafika kwenye mabomu, na gita likawa bomu, na walio chini yake. Halafu bendera inapotajwa kwamba bado ipo, anachomeka sauti chache za Taps, wimbo wa baragumu unaopigwa Marekani kwenye mazishi ya askari. Kisha anaendelea.

Ni dakika tatu na ushee tu, na mpangilio wake ni huo. Mwaka ule wanajeshi wa Marekani waliokuwa vitani Vietnam walifika kilele chao, zaidi ya 540,000. Majeneza yalikuwa yanarudi kila wiki. Kwa hiyo msikilizaji aliyeyajua maneno alisikia kitu ambacho mimi kwenye benchi la fundi sikukisikia: wimbo ukitenda kile unachokisema. Siku niliyosomewa maneno yale sambamba na gita, mstari kwa mstari, ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kweli. Ndiyo sababu nasema ni uongo kwamba muziki usio na maneno hauhitaji lugha. Huu unaihitaji sana, ila lugha yenyewe imefichwa kichwani mwa msikilizaji.

Na sauti yake je, si ya kizalendo tangu mwanzo? Hapana. Ulikuwa wimbo wa klabu ya mabwana waliokuwa wakikutana London kula, kunywa na kuimba. Key aliuvisha maneno mapya, na haukuwa wimbo rasmi wa taifa hadi 1931. Hilo si aibu; Kenya nayo ilichukua sauti ya wimbo wake wa taifa kwenye bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana, na chaguo lile ni zuri kuliko la watu wa London, kwa maoni yangu. Key alikuwa pia mmiliki wa watumwa. Miaka 155 baadaye wimbo wake maarufu kuliko yote unapigwa na kijana mweusi wa Seattle, tena kwa shoto.

"Hakuna aliyewahi kuthubutu kabla yake"

Mwaka mmoja nyuma, Oktoba 1968, mwimbaji José Feliciano aliuimba kwa gita lake huko Detroit kabla ya mechi ya fainali za besiboli, taratibu, kwa mtindo wake, akatukanwa nchi nzima. Na Hendrix hakuubuni asubuhi ile: alikuwa akiupiga kwenye maonyesho tangu 1968, na Machi 1969 aliurekodi studio. Woodstock ni ile mara iliyokuja kujulikana zaidi.

"Aliwachukia wanajeshi"

Alikuwa mmoja wao. Mwaka 1961, baada ya kukamatwa kwenye magari ya wizi, alipewa achague jela au jeshi, akachagua jeshi. Akapelekwa kikosi cha 101, askari wa miavuli, kambi ya Fort Campbell, Kentucky. Hakuwa askari mzuri. Mwaka uliofuata aliachishwa. Yeye alieleza kwamba aliumia kifundo cha mguu akiruka na mwavuli, lakini faili lake linaonyesha wakubwa wake walikuwa wamemchoka. Vietnam hakwenda. Ila kambini huko ndiko alikokutana na Billy Cox, yule yule wa besi pale Woodstock. Kwa hiyo zile sauti za Taps zilipopigwa, jukwaani walikuwepo wawili waliowahi kulisikia baragumu hilo wakiwa wamevaa sare.

Wiki tatu baada ya tamasha, tarehe 9 Septemba, aliulizwa kuhusu jambo hilo kwenye kipindi cha televisheni cha Dick Cavett. Mtangazaji akatoa tahadhari kwamba anayeupiga wimbo kwa namna isiyo ya kawaida hupokea barua za chuki. Hendrix akajibu kwa upole kwamba yeye ni Mmarekani, kwa hiyo aliupiga. Shuleni walimlazimisha kuuimba. Na hakukubali kwamba si wa kawaida. Alisema aliuona mzuri.

Wapo wanaosema alikuwa anakwepa swali. Mimi nadhani alijibu. Miezi michache baadaye, 1 Januari 1970, kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, aliutoa wimbo wake kuhusu bunduki ya rashasha kwa askari wote wanaopigana Chicago, Milwaukee na New York, miji ya Marekani yenyewe, kisha, kama aliyekumbuka, akaongeza wale wa Vietnam. Maneno hayo yalikuwa ya kisiasa wazi kabisa, na hayakuwa na chuki kwa askari hata kidogo. Mtu huyo anaweza kuulilia wimbo na kuupenda kwa pumzi moja. Wanaomtaka awe upande mmoja tu wanamtaka rahisi kuliko alivyokuwa.

"Si ndiye aliyechoma gita?"

Ndiye, lakini si hapo. Gita lilichomwa Monterey, California, Juni 1967. Bendera hakuchoma popote siku ile. Gita jeupe la Woodstock ni zima mpaka leo, limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho Seattle.

"Waliokuwepo wote walijua wanashuhudia historia"

Baadhi walishtuka, ndiyo. Lakini wengine walikuwa wanakunja mahema. Dunia ilipata kuusikia mwaka uliofuata, kupitia filamu ya Woodstock iliyotoka Machi 1970 na santuri zake. Wasikilizaji wengi wa "moja kwa moja" ambao umewahi kuwasikia wakisimulia walikuwa, kama mimi, mbele ya spika. Hendrix alifariki London, 18 Septemba 1970, akiwa na miaka 27, kwa hiyo hakuishi kuona wimbo ule ukifanywa muhuri wa enzi nzima.

Ukitaka kuusikia upya, usianzie pale unapoanza. Rudi nyuma, kwenye wimbo mrefu unaoutangulia, uanze nao, kwa sababu jukwaani nyimbo hizo hazikukatwa: wimbo wa taifa ulizaliwa kutoka kwenye mngurumo wa wimbo mwingine, na ulipokwisha hakuacha nafasi ya makofi, akaingia moja kwa moja kwenye wimbo wake Purple Haze. Endelea mpaka kelele zote ziishe. Utafika kwenye bluzi fupi ya huzuni, gita safi lisilokwaruza, linalopigwa kama la mtu aliye peke yake chumbani. Kwenye filamu, muziki huo wa mwisho unasikika huku kamera ikipita shambani: matope, viatu visivyo na mwenzake, mablanketi yaliyolowa, na watu wachache wanaookota takataka.