Nasaba ya Wamisri wa kale ni swali moja, rangi ya ngozi yao ni jingine

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu Misri ya kale ni hili: walikuwa weusi au weupe? Kazi yangu ni mifupa ya kale, na swali hili silidharau hata kidogo, maana najua lilikotoka. Mwaka 1844 daktari Mmarekani, Samuel Morton, alichapisha vipimo vya mafuvu ya Misri, akadai kwamba waliojenga ustaarabu ule walikuwa weupe na kwamba watu weusi walikuwamo kama watumishi na watumwa tu. Huku kwetu fikra hiyo ilikuja kwa jina la Wahamu, watu waliodaiwa kuwa wazao wa Hamu wa Biblia. Mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walitokana na wageni kutoka Ethiopia, kana kwamba wenyeji hawakuweza kuunda dola. Wakoloni wakaifanya sera Rwanda na Burundi, na tunajua ilikoishia.

Kwa hiyo wanazuoni Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville waliposimama Cairo mwaka 1974, kwenye kongamano la UNESCO, kutetea kwamba Wamisri wa kale walikuwa weusi, walikuwa wakijibu dharau ya zaidi ya karne nzima. Walikuwa na kila haki ya kuijibu. Tatizo ninaloliona ni kwamba pande zote mbili zimerithi kosa moja la Morton: kudhani kwamba ukishajua ukoo wa mtu umeshaijua rangi yake, na ukiijua rangi umeshajua ametoka wapi.

Mtazame mtu mmoja aliyezikwa Nuwayrat, karibu na Beni Hasan, huko Misri, kati ya mwaka 2855 na 2570 KK. Aliwekwa ndani ya chungu kikubwa, katika kaburi lililochongwa mwambani. Mifupa yake ilifukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kupelekwa Liverpool. Mwaka 2025 vinasaba (DNA) vyake vyote vilichapishwa, vikiwa vimetolewa kwenye mizizi ya meno. Alikufa mzee kwa umri wa enzi zile. Mifupa ya makalio ilikuwa imetanuka kwa kukaa chini muda mrefu, mikono ina alama za kunyooshwa mbele na kurudi mara nyingi, na mguu wa kulia una baridi yabisi kali kuliko wa kushoto. Watafiti wanahisi alikuwa mfinyanzi.

Takriban asilimia 80 ya nasaba yake ni ya Afrika Kaskazini, inayofanana na ya wakulima wa kale wa Moroko. Asilimia 20 hivi inafanana na watu wa kale wa Mesopotamia (Iraki ya leo) na maeneo jirani. Na ngozi? Makadirio ya vinasaba yanasema ilikuwa kati ya nyeusi kiasi na nyeusi kabisa. Makadirio ya namna hii si picha ya pasipoti, lakini hata ukiyachukua kwa tahadhari, mtu huyu haingii katika boksi lolote kati ya yale mawili tunayogombania.

Utafiti wa mwaka 2017 wa Abusir el-Meleq nao ulisomwa vibaya sana. Mumia 151 zilipimwa. Sampuli 90 zilitoa vinasaba vya upande wa mama, na watu watatu tu ndio waliotoa taarifa pana za nasaba yao yote. Walionekana kuwa karibu na watu wa Mashariki ya Kati kuliko Wamisri wa leo walivyo. Magazeti yakatangaza kwamba kesi imekwisha! Lakini Abusir ni makaburi ya mahali pamoja, karibu na mlango wa Fayum, eneo ambalo Wagiriki wengi walihamia wakati wa akina Ptolemy, wafalme wa Misri wenye asili ya Kigiriki. Watafiti wenyewe walionya kwamba huenda mahali pamoja pasiwakilishe Misri nzima.

Wengine hunionyesha michoro. Basi tazama sanamu za Rahotep na mkewe Nofret, za nasaba ya nne ya wafalme, zilizopo makumbusho ya Cairo. Wameketi mume na mke. Yeye amepakwa wekundu wa kahawia, mkewe ngozi ya manjano hafifu. Ulikuwa utaratibu wa wachoraji wa kutofautisha wanaume na wanawake. Anayesoma rangi ile kama cheti cha ukoo itabidi aseme wawili hawa walitoka mabara tofauti.

Msimamo wangu ni kwamba Misri ni ya Afrika kwa ardhi na kwa chimbuko. Wafugaji waliosukumwa kuelekea Nile wakati Sahara ilipokuwa ikikauka walikuwa Waafrika, na hilo halihitaji kila Mmisri afanane na mimi. Kinachoniuma ni pengo la taarifa za kusini mwa Misri. Vipimo vya mafuvu ya Naqada, huko kusini, ya kabla ya mafarao, vimeonyesha mara kwa mara ukaribu na watu wa Nubia, eneo la kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, lakini joto huharibu vinasaba, na sampuli za huko ni chache mno. Sehemu ya mafuvu hayo imehifadhiwa Cambridge. Mbinu iliyofanikiwa kwa mfinyanzi wa Nuwayrat ningependa ijaribiwe huko kabla ya kwingine kokote, na wataalamu wa Misri na Sudan wawe mezani tangu siku ya kwanza.