Mshika funguo za ghala: kinasi ya AMPK na uzee wa mnyoo

Maswali haya yaliulizwa barazani Ngamiani, mjini Tanga, na wazee ambao baadhi yao humeza metformini kila siku kwa ajili ya kisukari. Mmoja wao alikuwa amesikia kwamba dawa hiyo imerefusha maisha ya minyoo kupitia kinasi iitwayo AMPK, akataka kujua maana yake.

Mnyoo huyo ni wa tumboni, au ni yule wa matende?

Si huyu wala yule, ingawa wote ni ukoo mmoja wa nematodi, yaani minyoo ya mviringo. Askarisi hukaa utumboni, na yule wa matende na mabusha, maradhi tunayoyajua vizuri huku pwani, huenezwa na mbu. Huyu wa maabara, *Caenorhabditis elegans*, hamdhuru mtu: huishi kwenye udongo na matunda yanayooza, hula bakteria, na ana urefu wa milimita 1 hivi. Mwili wake ni mwangavu kiasi kwamba kwa hadubini chakula huonekana kikisagwa kooni mwake. Kwa kuwa huishi wiki 2 hadi 3 tu, mtafiti humwona akizaliwa, akizeeka na kufa kabla mwezi haujaandama mara ya pili.

Kinasi ni nini?

Ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, ambayo ndiyo kuni za seli, na kuipachika kwenye protini nyingine ili kuiwasha au kuizima. AMPK ni mojawapo. Tunayo sisi, na mnyoo anayo.

Inahusianaje na uzee?

Kusi likivuma na ngalawa zisipotoka, mwenye nyumba hushika mwenyewe funguo za ghala, akapima unga kwa kibaba na kuahirisha ujenzi. AMPK hufanya vivyo hivyo: ATP ikipungua, AMP, yaani mabaki ya ATP iliyotumika, huongezeka na kuiamsha, nayo huzuia shughuli za kukua na kuelekeza nguvu kwenye matengenezo. Mabuu wa mnyoo huyu wakikosa chakula hugeuka kuwa wa aina maalumu, wasiokula kabisa, ambao huweza kuishi miezi kadhaa kwa mafuta waliyojiwekea. Wakiondolewa AMPK, huyamaliza mafuta hayo upesi na kufa mapema, mithili ya nyumba iliyopika pilau wiki ya kwanza ya kusi.

Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba minyoo ambao jeni yao ya daf-2 imedhoofishwa huishi mara mbili na zaidi. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi kinachofanana na kile cha insulini yetu. Baadaye ilibainika kwamba minyoo hao wakinyimwa AMPK, sehemu kubwa ya umri huo wa ziada hupotea.

Na mikiki mingine, mbali na njaa?

Minyoo wasio na AMPK hushindwa upesi na parakwati, dawa ya kuua magugu inayozalisha oksijeni haribifu ndani ya seli.

Basi metformini itaturefushia maisha?

Hapa ndipo ninapoomba subira. Ni kweli kwamba mwaka 2010 watafiti waliripoti kuwa minyoo waliopewa metformini waliishi muda mrefu zaidi, na kwamba AMPK ilihitajika. Lakini utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba dawa hiyo hufanya kazi kwa kiasi kikubwa kwa kuvuruga matumizi ya foleti, vitamini ya kundi B, katika bakteria wanaoliwa na mnyoo. Tena, minyoo walioanza kupewa dawa wakiwa wamekwisha kuzeeka walidhurika, jambo ambalo wazee wa barazani hawakulifurahia. Aliyeandikiwa na daktari aendelee nayo kwa ajili ya sukari yake. Asiye na kisukari asiombe vidonge kwa jirani, kwani metformini hutolewa mwilini na figo, na figo zikiwa dhaifu dawa hurundikana na asidi ya damu huweza kupanda hadi kuhatarisha maisha.