Je, wajua kwa nini mipeasi yenye mizizi imara ilikufa kwa njaa?

Mwaka 1959 wakulima wa peasi wa California walianza kupata pigo lisiloelezeka. Mti uliobeba matunda vizuri ulinyauka katikati ya joto, na baada ya siku chache majani yakawa yananing'inia makavu matawini. Ndani ya miaka michache ilikufa mipeasi zaidi ya milioni moja, na mingi ilikuwa imebebeshwa juu ya mashina yaliyosifiwa kwa uimara.

Peasi haipandwi kwa mbegu, maana mche wa mbegu haufuati mama yake. Hukatwa kikonyo, yaani kijitawi, cha aina nzuri, kama Bartlett, kikabebeshwa juu ya shina lenye mizizi ya mpeasi mwingine.

Adui mkubwa wa zamani Marekani ni bakteria aitwaye Erwinia amylovora. Huingia kwenye ua, ncha ya tawi ikajikunja kama kichwa cha bakora, na majani yakawa meusi kana kwamba moto umepita. Akishuka hadi mizizini, mti umekwisha. Frank Reimer, mtafiti wa Oregon, alisafiri mpaka China, Korea na Japani kutafuta mipeasi inayomhimili, na mashina ya asili ya huko yakapandwa kwa wingi pwani ya magharibi.

Kisha kikaja kidudu kidogo kinachofyonza utomvu, kiitwacho sila, kikieneza kimelea kinachoishi ndani ya gome. Ukibandua gome la mti uliougua, pale kwenye kovu la kubebeshea, unaona mstari wa kahawia mwembamba kama uzi. Hapo ndipo mishipa ya kushusha sukari kutoka majanini imekufa. Mizizi ya mashina hayo ya Asia haikuoza wala haikukosa maji. Ilikosa chakula, ikaishiwa akiba, na mti mzima ukaanguka nayo. Bartlett ileile juu ya mizizi ya peasi ya Ulaya mara nyingi ilipona.

Ndiyo maana nasisitiza: mtu akikuuzia mche kwa kusema shina lake "halishikwi na magonjwa", muulize ugonjwa upi. Siku hizi wengi hutumia mashina ya OHxF, kama namba 87 na 97, yaliyopewa jina la Old Home na Farmingdale, mipeasi miwili ambayo Reimer aliipata Illinois. Hayo huhimili yote mawili, bakteria na kimelea cha sila. Lakini hayaukingi mti wa juu: maua ya Bartlett bado yataungua, na tawi lililougua lazima likatwe chini kabisa ya sehemu iliyoathirika.

Unapopanda, acha kovu la kubebeshea juu ya udongo. Ukilifukia, kikonyo kinaweza kuota mizizi yake chenyewe, na shina ulilolilipia halitakuwa na kazi.